Usitoe Kava ya Grainda Eti Kona ni Nyembamba

Cheche zinauza. Hilo nalijua vizuri, maana kupiga video ndiyo kazi yangu. Weka fundi kijana nje ya kibanda, jioni giza linaanza kuingia kwenye barabara ya Malindi, grainda inalia, cheche zinaruka nyuma yake. Hiyo video itatembea hata bila maneno. Sasa irudie pole pole uitazame vizuri. Mara nyingi utaona ile kava, yaani kile chuma cha nusu duara kinachofunika diski, haipo. Imefunguliwa na kutupwa chini ya meza pamoja na vyuma chakavu. Ukiuliza kwa nini, unapewa jibu moja: "Kona ni nyembamba, kava inanizuia."

Mimi nasema hivi: kava ikikuzuia, kosa si la kava. Umeshika mashine ambayo si ya hiyo kazi. Na kijana anayeanza uchomeleaji hapa Kikambala anafaa kununua grainda ya kichwa chembamba mapema, kabla hajafikiria kuongeza grainda kubwa ya pili.

Nasema hapa Kikambala kwa sababu ya chumvi. Upepo wa bahari hauna huruma na chuma, na kutu hupenda sana kuanzia pembeni: chini ya bawaba, ndani ya tundu la kufuli, pale skwea tyubu mbili zinapokutana na maji ya mvua yakakaa. Pindua tuktuk uone, kutu iko kwenye maungio ya fremu. Kwa hivyo fundi wa pwani akiletewa ukarabati, mara nyingi analetewa kona. Na diski ya inchi nne na nusu haiingii kwenye kona hizo, hata uiombe vipi.

Hapo ndipo watu wanatoa kava. Wengine wanaenda mbali zaidi, wanatoa kava ili wafunge diski ya inchi saba kwenye mashine ndogo, eti ifike ndani. Manze, soma kilichoandikwa kwenye diski yenyewe. Diski nyingi za kukatia zimeandikwa mita 80 kwa sekunde, huo ndio mwendo wa mwisho wa ukingo wake. Ukipiga hesabu ni kilomita 288 kwa saa, na hata matatu ya Malindi ikichelewa haijafika hapo. Kwa diski ya inchi saba, mwendo huo ni kama mizunguko 8,500 kwa dakika. Grainda ndogo inazunguka hadi kama 11,000. Yaani unaipeleka diski mbio kuliko ilivyotengenezwa kuvumilia, halafu umetoa kitu pekee kilichosimama kati ya vipande vyake na uso wako. Na hata diski ya saizi sawa ikibanwa kwenye kona, mashine inaruka kurudi kwako. Huwezi kuikwepa, hakuna muda. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 inataka sehemu hatari za mashine zikingwe, lakini najua hakuna anayebeba sheria kwenye kisanduku cha spana.

Basi ununue nini?

Wengi wenu mtaniambia Dremel, kwa sababu ndiyo mnayoiona kwenye video za wazungu wakichonga vitu vizuri vizuri. Kampuni hiyo ilianzishwa na Albert Dremel kule Racine, Wisconsin, mwaka 1932, na jina lake sasa linabandikwa kila kimashine kinachoshikwa kama kalamu. Ni kifaa kizuri. Kinaandika kwenye chuma, kinalainisha ukingo, kinachonga mbao na makombe. Lakini shina la vichwa vyake kwa kawaida ni milimita 3 hivi. Ukiegemea nayo kwenye chuma cha fremu utaisikia inalemewa, sauti inashuka, inapata moto, na wewe bado hujatoa hata nusu ya weldi. Ukiinunua ukidhani ndiyo itakulisha, utasononeka.

Kuna ile ya upepo, inayotumia kompresa. Ndogo, nyepesi, haipati moto mkononi, na ikibanwa inasimama tu bila kuunguza mota. Mi naipenda sana. Shida yake ni tumbo: inakunywa hewa. Kompresa ndogo ya kujazia matairi itaisha hewa haraka, utasaga kidogo kisha ungoje, usage kidogo, ungoje. Kama jirani yako ni fundi wa kupaka magari rangi na ana kompresa kubwa, hapo sasa zungumza naye. Kama huna jirani huyo, iache.

Chaguo langu kwa anayeanza ni ile ya stima, ndefu iliyonyooka, inayoshika shina la milimita 6. Dukani uliza "dai grainda". Nyingi huzunguka kama mara 25,000 hadi 30,000 kwa dakika. Usiogope hiyo namba ukalinganisha na ile 11,000: kichwa chake ni kidogo, kwa hivyo ukingo wake hauendi mbio kama wa diski. Ubaya wake ni urefu. Inataka nafasi nyuma ya mkono wako, kwa hivyo kazi ya ndani ya boksi inaweza kukushinda, na hapo ndipo watu hutafuta ile yenye shingo iliyopinda.

Lakini mashine ni nusu ya maneno. Kinachofanya kazi ni kichwa, na hapa ndipo watu wanafanya ubahili wa ajabu. Mtu ananunua mashine nzuri, kisha anaichomekea vijiwe vya bei ya chini vinavyoliwa kabla ya saa sita. Kwa chuma cha kawaida chukua kichwa cha kabaidi chenye meno yaliyokatana kama wavu. Kile cha duara kama gololi kinaingia kwenye mviringo wa weldi, kilichochongoka kinafika pembeni kabisa, cha silinda kinanyoosha kuta za tundu. Ukiwa na pesa ya kimoja tu, chukua kilichochongoka chenye ncha butu. Na kisijaze tundu lote: kichwa kikigusa kuta mbili kwa pamoja kinadaka na kuruka. Vile vyenye shina refu vinavutia, vinafika mbali, ila haviwezi kuzungushwa mbio ileile. Ukikiwasha kwa kasi ya mwisho shina linapinda, na likishapinda linachapa kama fimbo. Kama mashine yako haina cha kupunguzia mwendo, shina refu si lako.

Halafu tenganisha vichwa. Alumini ya madirisha inaziba meno ya kichwa cha chuma mpaka kinakuwa laini kama kijiko. Na ukipata kazi ya reli ya steinlesi kwenye hoteli za ufuoni, usiiguse kwa jiwe au brashi iliyotoka kwenye chuma cha kawaida. Chembe za chuma zinabaki juu yake, na kwa hewa yetu hii, madoa ya kutu hayakawii. Mteja ataapa umemuuzia feki.

Sijasahau tupa. Wazee wa kazi wana tupa ya duara na ya nusu duara, na kwa tundu moja la kufuli siku stima imepotea, mzee atamaliza wewe bado unangoja taa iwake. Usimcheke.

Sasa turudi kwenye video. Kichwa cha kabaidi hakimwagi cheche za kupendeza. Kinatoa vichuma vyembamba kama sindano, vikali, havionekani kwenye kamera, lakini jicho linaviona sana. Miwani ya jua haisaidii hapo. Tafuta miwani ya kazi iliyofunika pembeni, na glavu za kitambaa zilizolegea uziache nyumbani, kwa sababu shina linalozunguka likidaka uzi linavuta kidole nacho.

Najua pesa ni shida. Ndiyo maana naona vibanda vitatu vilivyopangana barabarani vinaweza kuchanga mashine moja, maana hakuna anayesaga kona kutwa nzima. Kila fundi awe na vichwa vyake na miwani yake, mashine izunguke.

Na nyinyi wenzangu wenye simu: mkienda kwa fundi kumpiga video, mwambieni arudishe kava kwanza. Akisema imepotea, mrekodi akiitafuta chini ya meza. Mi nitaitazama hiyo.