Mnunuzi alipomshinda muuzaji: somo la mbio za umeme kwa bodaboda za mpakani

Wahenga walisema mtegemea cha nduguye hufa maskini. Katika msimu wa 2022/23 wa mashindano ya dunia ya magari ya umeme ya kiti kimoja, Formula E, mambo yalikwenda kinyume. Mataji yote mawili makubwa yalichukuliwa na timu zilizokuwa zikitumia mitambo waliyouziwa na wapinzani wao. Waliowauzia walikuwa na timu zao uwanjani siku hiyo hiyo, na walishindwa kwa bidhaa yao wenyewe.

Msimu huo ulikuwa na mbio 16 katika miji 11, kuanzia Mexico City tarehe 14 Januari 2023 hadi London tarehe 30 Julai. Taji la madereva lilikwenda kwa Mwingereza Jake Dennis wa timu ya Andretti ya Marekani. Gari lake lilisukumwa na mtambo wa Porsche, kampuni ambayo nayo ilikuwa na timu yake na madereva wake wawili. Taji la timu lilichukuliwa na Envision, iliyotumia mtambo wa Jaguar, na aliyeachwa nafasi ya pili ni Jaguar mwenyewe. Hata kwa madereva, Nick Cassidy wa Envision alimaliza wa pili na Mitch Evans wa Jaguar wa tatu, wote wawili wakiwa raia wa New Zealand.

Mfanyabiashara wa mpakani hana haja ya kupenda mbio za magari ili aelewe uzito wa jambo hilo. Yeye huishi kwa cha mwenzake. Anayevusha vitunguu Namanga hakuvilima, na anayepeleka mchele Rusumo hana shamba la mpunga. Faida yake inatokana na kujua bei, kujua njia na kulinda mtaji. Akiuziwa gunia lililopunjwa, ujuzi wake wote hauna thamani. Ndiyo maana swali la kuuliza ni hili: ilikuwaje mnunuzi akapewa mzigo kamili na mtu anayeshindana naye?

Jibu liko kwenye kanuni. Msimu ule ulikuwa wa kwanza kwa gari la kizazi cha tatu. Magari yote 22 yalikuwa na chasisi ya aina moja kutoka Spark, betri ya aina moja kutoka Williams, na matairi ya aina moja kutoka Hankook. Vitu hivyo ni ghali kuvitengeneza, na wakubwa walikubali kutoshindana navyo. Kilichoachwa wazi ni mota ya nyuma na programu za kuiendesha. Hapo kila mtengenezaji alionyesha ufundi wake, lakini mtambo ulipaswa kukaguliwa na kuidhinishwa na shirikisho la kimataifa la magari, FIA, kabla ya msimu. Mteja aliuziwa mtambo wa aina ile ile iliyoidhinishwa, wala hapakuwa na bidhaa ya daraja la pili ya kumpa mnyonge.

Baada ya hapo kilichobaki ni akili ya dereva na timu yake. Gari hilo lilitengenezwa lifikie kasi ya kilomita 322 kwa saa, lakini halina umeme wa kulitosha kukimbia hivyo tangu mwanzo hadi mwisho. Zaidi ya asilimia 40 ya umeme linaoutumia kwenye mbio hutokana na kufunga breki: gari linapopunguza mwendo, mota hugeuka kuwa jenereta na kurudisha umeme kwenye betri. Anayejua mahali pa kubana na mahali pa kutumia ndiye anayefika mbele. Dennis alishinda mbio mbili tu kati ya 16, ya Mexico City na moja ya Roma, lakini aliokota pointi nafasi za juu mara kwa mara hadi akawapita waliokuwa wakishinda leo na kukosa kesho. Hiyo ni biashara ya rejareja kabisa.

Lakini msimu huo huo ulionyesha pia kwamba wahenga hawakukosea. Tarehe 25 Februari 2023, Formula E ilifika Cape Town, mara ya kwanza kwa mashindano hayo kukanyaga Afrika kusini mwa Sahara. Mreno António Félix da Costa wa Porsche alishinda, akifuatwa na Mfaransa Jean-Éric Vergne na Cassidy. Mashabiki wa nyumbani walikuwa na dereva wao, Kelvin van der Linde, raia wa Afrika Kusini aliyekuwa akishika nafasi ya dereva aliyeumia katika timu ya ABT Cupra. Hakukimbia. ABT ilikuwa mteja wa Mahindra. Ilipogundulika hitilafu kwenye suspensheni ya nyuma, Mahindra iliondoa magari yake kwa sababu za usalama, na mteja wake akaondoka pamoja naye. Kosa halikuwa la van der Linde wala la mafundi wake. Walikuwa wamefunga mzigo wao kwenye punda wa mtu mwingine, na punda amelala.

Kwa hiyo msimu mmoja ulitoa mafunzo mawili. La kwanza, kanuni nzuri humlinda mnunuzi asipunjwe. La pili, kanuni hizo hazimlindi muuzaji wake anapoanguka. Dawa ya pili ni kuwa na pa kuhamia. ABT ilipata pa kuhamia: msimu wa 2024/25 ilijiunga na Lola na Yamaha. Kwa kuwa chasisi na betri ni za wote, kubadilisha muuzaji wa mtambo hakukumaanisha kutupa gari zima.

Mafunzo hayo yanagusa chombo ambacho jina lake lenyewe lilizaliwa mpakani. Bodaboda ilianza Busia, kati ya Kenya na Uganda, kwa waendesha baiskeli waliobeba watu na mizigo kutoka mpaka mmoja hadi mwingine. Leo chombo hicho kimeanza kuhama kutoka petroli kwenda umeme. Rwanda ilitangaza kwamba kuanzia Januari 2025 pikipiki mpya za abiria zitakazosajiliwa Kigali ziwe za umeme. Kenya na Uganda zina kampuni kadhaa zinazouza pikipiki hizo na kuendesha vituo vya kubadilisha betri. Mwendeshaji huingia kituoni na betri iliyoisha, hutoka na iliyojaa, na kazi inaendelea bila kusubiri kuchaji. Mara nyingi betri si mali yake. Ananunua pikipiki, betri inabaki ya kampuni.

Hapo ndipo penye mtego. Kampuni moja ikiwa na betri ya umbo lake, plagi yake na programu yake, mwendeshaji hana ruhusa wala uwezo wa kuingia kituo cha kampuni nyingine. Akiwa mjini na vituo viko kila kona, hatahisi tatizo. Akibeba viatu au sabuni za mteja kuvuka mpaka, na upande wa pili kampuni yake haina kituo, mwisho wa safari yake ni pale betri inapoishia. Kampuni ikifilisika au ikifunga vituo vyake, pikipiki inabaki chuma cha kukalia, mkopo ukiwa bado haujaisha.

Formula E yenyewe iliwahi kuishi shida kama hiyo. Katika misimu yake minne ya kwanza, tangu 2014, betri haikuweza kumaliza mbio moja. Kila dereva aliandaliwa magari mawili, na katikati ya mbio alishuka kwenye moja na kurukia jingine. Watu walicheka, lakini waandaaji hawakulificha tatizo, na wala hawakumwachia kila mtu alitatue peke yake. Walitafuta betri moja kubwa zaidi kwa ajili ya wote, na msimu wa tano gari moja likatosha. Bodaboda ya umeme isipopangiwa utaratibu, mfanyabiashara wa Busia au Mutukula atarudi kwenye mbio za 2014: pikipiki moja upande huu, nyingine upande ule, na mzigo unashushwa na kupakiwa katikati. Gharama ya kushusha na kupakia anaijua, na anajua nani huilipa.

Jumuiya ya Afrika Mashariki haianzi na mikono mitupu. Ina Sheria ya Viwango, Ubora, Vipimo na Upimaji ya mwaka 2006. Ina utaratibu wa nchi wanachama kutambua alama za ubora za mashirika yao ya viwango. Ina vituo vya pamoja vya huduma mpakani, ambako maofisa wa nchi mbili hufanya kazi kwenye jengo moja. Kinachotakiwa sasa ni mambo matatu. Kwanza, kiwango kimoja cha betri ya kubadilisha, yaani ukubwa, volti na plagi, ili betri iliyokubalika Kigali ikubalike Eldoret na Mwanza. Pili, kampuni inayoendesha vituo ilazimike kumhudumia mwendeshaji wa kampuni nyingine kwa huduma ile ile na kwa bei iliyobandikwa ukutani. Tatu, forodha zikubaliane kwamba betri iliyofungwa kwenye pikipiki ni sehemu ya pikipiki, na kwamba ikibadilishwa ng'ambo mwendeshaji hatashikwa akirudi kwa kosa la kuingiza betri isiyolipiwa ushuru.

Wapo watakaopinga, na hoja yao ina nguvu. Kampuni zilizotangulia zimemwaga mitaji na hazitaki kuwafungulia mlango waliochelewa. Wengine wataogopa kwamba kiwango kimoja kitaandikwa na aliye mkubwa kwa kupima betri yake mwenyewe, na kwamba kitaua ubunifu wa vijana wa karakana za hapa. Hofu hiyo isipuuzwe. Hata hivyo, kwenye Formula E, ubunifu haukufa kwa sababu ya betri ya pamoja. Ulihamia kwenye mota, programu na uendeshaji, na ndiko Andretti na Envision walikowashinda wauzaji wao. Tena kiwango hakikufungwa milele. Kizazi cha kwanza kilipisha cha pili, cha pili kikapisha cha tatu, kila mmoja akijulishwa mapema.

Jambo la msingi ni wakati. Kanuni za Formula E ziliandikwa kabla ya magari kuingia njiani. Pikipiki za umeme za ukanda huu bado ni chache kulinganisha na za petroli, na ni rahisi kukubaliana leo kuliko siku ambayo kila kampuni itakuwa na maelfu ya betri zisizoingiliana na wanasheria wa kuzitetea.

Vyama vya wafanyabiashara wa mpakani vimezoea kuitwa mezani baada ya uamuzi kupita, waelezwe fomu mpya na ada mpya. Safari hii vina sababu ya kutangulia. Vipeleke swali la betri kwa wizara za Jumuiya na kwa mashirika ya viwango sasa, kwa maandishi, vikisema wanachama wao wanavuka wapi na wanabeba nini. Kumtegemea ndugu si aibu, na biashara yote ya mpakani imejengwa juu yake. Hatari ni kumtegemea bila kanuni na bila pa kuhamia.