Safu ya Kompyuta: Ghala la Pamoja



Wengi wenu mmehifadhi picha za wazee na sauti za darsa katika kompyuta moja, na nyingine huzifikia kwa mtandao wa nyumba. Kwenye Linux, mstari mmoja katika faili la /etc/fstab huunganisha ghala hilo kila mashine iwashwapo. Ongezeni _netdev, ili mtandao usubiriwe kwanza. Na nofail, mashine isikwame ghala likikosekana.

Lakini tahadharini: ghala lisipounganishwa, folda yake tupu huweza kupokea mafaili, nayo yakabaki katika diski ya mashine hiyo hiyo. Basi thibitisheni kwa amri ya findmnt kabla hamjafuta nakala ya asili. Kumbukumbu za wazee ni amana.

Wabillahi tawfiq.