Anayechekesha Naye Ana Lake

Kuna aina ya uhakiki nimechoka kuusoma. Unaanza kwa kuisifia bendi kwamba inachekesha, unataja majina mawili matatu ya nyimbo ili na msomaji acheke, halafu unaifungia kwenye kabati la vichekesho na kurudi kwa wasanii "makini", yaani wale wanaonuna. Half Man Half Biscuit wamefanyiwa hivyo tangu mwaka 1985. Albamu yao The Voltarol Years ilitoka mwaka 2022, na kabati lilikuwa lilelile. Mimi nasema huo ni uvivu.

Kwa asiyewajua: ni watu wa Birkenhead, mji wa bandari unaotazamana na Liverpool ng'ambo ya mto Mersey. Wanapiga panki. Si ule mtindo wa kunyoa, ni ule muziki wa gitaa tatu-kodi na sauti ya kulalamika. Mtunzi na mwimbaji ni Nigel Blackwell, na Neil Crossley yupo naye tangu mwanzo. Albamu ya kwanza, Back in the DHSS, ilirekodiwa kwa pesa kiduchu na kutolewa na lebo ndogo ya Liverpool, ikapanda hadi kileleni mwa chati ya lebo huru. Jina lake linautania wimbo maarufu wa Beatles, ila mahali pa Umoja wa Kisovieti pamewekwa DHSS, wizara iliyokuwa ikilipa posho za wasio na kazi. Na huo ndio wakati Uingereza ilikuwa na watu zaidi ya milioni 3 wasio na ajira. Hebu niambie, huo ni utani mtupu? Kijana asiye na kazi, katika mji ambao maisha yake yalitegemea meli, anaugeuza wimbo wa matajiri wa mtaa wa pili kuwa foleni ya posho. Kuna hotuba ngapi za siasa zilizosema hayo kwa maneno manne?

Tuje kwenye hii ya 2022. Voltarol ni jina la kibiashara la diklofenaki, ile dawa ya maumivu ya viungo ambayo mzee wangu hasafiri bila tyubu yake. Kwa hiyo tafsiri ya jina la albamu ni Miaka ya Kupaka Dawa ya Magoti. Cheka, ruksa. Ila ukimaliza kucheka utagundua umeambiwa jambo: hawa vijana wa posho wamezeeka, na wanaanza kuyahesabu maziko. Wimbo unaofungua albamu ni "I'm Getting Buried in the Morning". Umechukua kauli ya bwana harusi katika mchezo wa My Fair Lady, ukaigeuza kuwa ya mtu anayezikwa kesho asubuhi. Mbele kuna "Midnight Mass Murder", ibada ya mkesha wa Krismasi iliyogongana na mauaji ndani ya maneno matatu. Mauti yamejaa humu. Wangeyaimba kwa kinanda na machozi, wahakiki wangeandika kurasa nne.

Sisi tunaojiita watu wa fasihi tuna kosa letu pia. Wimbo mwingine unaitwa "Tess of the Dormobiles". Yule binti wa riwaya ya Thomas Hardy, aliyeponzwa na ukoo wa kifahari, ametolewa kwenye ukoo na kuwekwa kwenye gari la kulala la watalii. Huwezi kuutania hivyo usomi wa Kiingereza kama hujausoma na kuupenda. Ingekuwa riwaya, tungeuita mwingilianomatini na kuuandikia tasnifu. Kwa kuwa ni panki, eti ni masihara.

Hoja ya pili ya wapinzani ni kwamba mambo yao ni ya mtaani mno; mtu wa mbali hawezi kuelewa. Kweli, majina mengine yananipita kabisa. Lakini Muyaka bin Haji, anayesifiwa kwa kuutoa ushairi msikitini na kuupeleka sokoni, alitunga kuhusu Mombasa ya karne ya 19, na mafumbo yake leo yanahitaji maelezo hata kwa mtu wa Mombasa. Nani kawahi kumwambia apunguze umombasa? Wimbo wa mwisho wa albamu hii, "Oblong of Dreams", ni wa mapenzi kwa rasi ya Wirral, kile kipande cha nchi chenye umbo la mstatili katikati ya mito Mersey na Dee. Sijawahi kufika huko. Nilipoumaliza niliikumbuka njia ya kwenda kwa bibi yangu, mti kwa mti.

Sisemi kila kitu ni dhahabu. Gitaa zinajirudia, na kuna nyimbo ambazo ni orodha ya kero tu, kama mjomba aliyekaa sana barazani. "Token Covid Song" imejitania yenyewe kwenye jina kabla sijafungua mdomo, na hiyo nayo ni ujanja.

Lakini kesi yangu ni kubwa kuliko albamu. Mhariri mmoja niliyefanya naye kazi alinikatia makala aya yote ya kuchekesha, akisema msiba unatakiwa heshima. Ilikuwa makala ya kumkumbuka mtu aliyeishi kwa kuchekesha watu. Iliyochapishwa ilikuwa na heshima zote, na marehemu hakuwamo ndani yake.

Ndiyo maana sikubali. Kwenye misiba yetu wenyewe, saa nane za usiku, watani ndio wanaobaki macho na wafiwa. Sikilizeni albamu hii kwa sikio hilo.