Picha ya Kwanza ya Mimba Changa



Juma hili tumepokea barua kutoka Matayos, kule Busia mpakani mwa Uganda, na kwa uzito wake tumeiweka kando mada tuliyokuwa tumeikusudia. Mwandishi wake ni dada anayemnyonyesha mtoto wa miezi 11. Alijihisi mjamzito, akaenda kupigwa picha ya altrasaundi, na kwa hesabu yake mwenyewe mimba ilikuwa ya wiki 7. Ndani ya mfuko wa uzazi kikaonekana kifuko kidogo cha maji, lakini mtoto hakuonekana. Akaambiwa arejee baada ya wiki 2. Alipofika nyumbani, mama mkwe akasema mimba imekufa, akamletea dawa ya mizizi ya kusafisha tumbo. Anatuuliza kama ni halali kuinywa.

Jibu twalitanguliza: asiinywe. Aliyempiga picha hakusema kwamba mimba imekufa. Alisema arejee, na baina ya maneno hayo mawili pana umbali mkubwa.

Hospitali huihesabu mimba kuanzia siku ya kwanza ya hedhi ya mwisho, yaani takriban wiki 2 kabla ya mimba yenyewe kutunga. Mwenye kunyonyesha aghalabu hushika mimba hali hedhi yake haijatengemaa, na wengine hushika kabla hata ya kuiona. Hivyo wiki 7 za dada yetu yamkini ni 5 tu. Katika wiki ya 5 huonekana kifuko peke yake. Ni karibu na wiki ya 6 ndipo kiini cha mtoto na mapigo ya moyo huanza kuonekana, tena kwa kifaa kinachoingizwa ukeni. Kile kinachopitishwa juu ya tumbo huchelewa kama wiki moja zaidi. Madaktari wenye kuchunga kazi yao hawahukumu kwamba mimba imeharibika mpaka kifuko kifikie milimita 25 bila ya mtoto ndani yake, au mtoto afikie milimita 7 bila ya mapigo ya moyo. Chini ya hapo husubiri, kisha hupima tena.

Yamkini vilevile wiki 2 zipite na mtoto asionekane. Mitihani ya namna hiyo huwafika wanawake wengi, wala si kosa la mama. Hapo pia hospitali ndiyo itakayomweleza njia iliyo salama.

Lipo jambo moja lisilongoja miadi. Mimba ikitunga nje ya mfuko wa uzazi, aghalabu katika mrija, huweza kuupasua na mama akavujia damu ndani kwa ndani. Kutambua mimba imekaa wapi ndiyo faida kubwa ya picha hii ya mapema. Mwenye mimba changa akipatwa na maumivu makali ya upande mmoja chini ya tumbo, kizunguzungu, maumivu ya bega, au damu nyingi, akimbizwe saa hiyo hiyo katika hospitali ya rufaa ya kaunti mjini Busia, kwa gari au kwa boda boda (jina lililozaliwa mpakani hapo hapo), lolote litakalotangulia kupatikana.

Mume wa dada yetu naye anahofu kwamba kuchungulia tumboni ni kuingilia elimu ya ghaibu iliyotajwa katika Sura Luqman. Twamheshimu kwa hofu yake, ila chombo hiki hakijui ghaibu. Hutuma sauti isiyosikika na sikio la binadamu, kisha hupokea mwangwi wake, kama wavuvi wetu wanavyotafuta samaki kwa mitambo ya siku hizi. Daktari Ian Donald wa Glasgow, aliyetangaza matokeo yake mwaka 1958, alianza na mashine ya kutafutia nyufa katika vyuma! Hakina mionzi. Riziki ya mtoto, ajali yake na mwisho wake vimebaki kwa Mola peke yake. Hata kama ni wa kiume au wa kike hakitasema katika wiki hizi.

Kwa upande wa sitara, dada ana haki ya kuomba apimwe na mwanamke, na asipopatikana, awe na mwenziwe chumbani na afunuliwe panapohitajika tu. Kwa kipimo cha juu ya tumbo huenda akatakiwa anywe maji kibofu kijae, na atapakwa jeli ya baridi ambayo si najisi. Kwa kile cha ndani, katika madhehebu yetu ya Shafi, udhu hutenguka na saumu hubatilika, ila josho halimlazimu. Kwa hiyo katika Ramadhani aombe miadi ya usiku ikiwezekana, la sivyo ailipe siku hiyo.

Mama mkwe hatumlaumu. Aliogopa uchafu usibaki tumboni mwa mkwewe, na hofu hiyo ni ya mapenzi. Basi siku ya kurejea, dada, mwombe mumeo akusindikize, na mama naye mwende pamoja. Aketi karibu na kioo, aonyeshwe kile kitakachoonekana, na amsikie mtaalamu kwa masikio yake mwenyewe. Hadi siku hiyo, dawa ile ibaki ndani ya chupa yake.