Mafundi Wapime Sensa Kabla ya Kufungua Injini



Naomba nafasi katika safu ya barua za wasomaji ili nami nitoe dukuduku langu kuhusu jambo linalowatia hasara wenye magari makuukuu, hasa sisi tunaoishi mbali na miji mikubwa. Jambo lenyewe ni hili la magari kuchemsha, na jinsi mafundi wetu wengi wanavyolitibu bila kulipima.

Hapa Kabungu, Mpanda, magari tuliyo nayo ni yale yaliyotoka Japani yakiwa yamekwisha kutumika huko, na mengi yana umri wa miaka ishirini na zaidi. Siyabezi hata kidogo. Ndiyo yanayobeba mahindi yetu, na ndiyo yanayopeleka wagonjwa Mpanda mjini usiku wa manane. Lakini gari la umri huo lina waya zilizokauka, plagi zenye kutu na vipimo vilivyochoka. Mshale wa joto ukipanda tu, dereva hushika kichwa na fundi hushika spana.

Jirani yangu ana gari dogo la mwaka 1997. Mwaka 2023 mshale ulianza kukimbilia kwenye rangi nyekundu dakika mbili tu baada ya kuondoka nyumbani. Akalipeleka gereji moja ambayo sitaitaja. Fundi hakuuliza kama maji yanapungua, hakutazama kama mpira wa juu wa rejeta umekuwa mgumu, wala hakugusa waya hata mmoja. Alitoa hukumu palepale kwamba gasketi ya hedi imeungua. Hedi ikafunguliwa, ikapelekwa kuchongwa, gasketi mpya ikanunuliwa, na jirani akalipa fedha za magunia kumi na mawili ya mahindi. Gari liliporudi Kabungu mshale ulikuwa bado uko kwenye nyekundu.

Kesho yake alfajiri, injini ikiwa imelala nje usiku kucha, nilimwambia jirani afungue swichi tu bila kuwasha. Mshale ukapanda wenyewe hadi juu. Sasa nauliza, injini iliyolala kwenye umande inachemka kwa moto gani? Tulipofuata waya wa sensa tukakuta umechubuka na unagusa chuma cha injini. Tukaufunga kwa tepu, na hadi leo gari hilo linatembea.

Nimetoa mfano huu si kwa nia ya kuwadharau mafundi. Wengi wao walijifunza kazi kwa kushika taa na kumwangalia mkubwa wao, na wana mikono mizuri kuliko wengine wenye vyeti. Tatizo ni kwamba hakuna aliyewaeleza kile kipimo kinafanyaje kazi. Mshale ule wa kwenye dashibodi haupimi joto. Unapima umeme unaopita katika sensa iliyochomekwa kwenye maji ya injini. Sensa ikiwa baridi huuzuia umeme, ikipata moto huuachia upite. Kwa hiyo waya ukigusa chuma, mshale hudhani injini inaungua, na waya ukikatika, mshale hulala chini kama kwamba injini ni baridi.

Kutokana na hapo, kipimo cha kwanza hakihitaji hata senti moja. Katika magari mengi ya zamani sensa ya dashibodi ina waya mmoja. Fungua swichi, chomoa waya huo, na mshale uanguke chini. Uguse waya kwenye chuma cha injini kwa muda mfupi sana, na mshale upande. Ukifanya hivyo, mshale na waya ni wazima, na wa kuhojiwa ni sensa. Usipofanya hivyo, ubaya uko kwenye waya, fyuzi au mshale wenyewe, na hedi haina kosa lolote. Tena kuna mafundi wanaozungushia nyuzi za sensa ile tepu nyeupe ya mabomba ili isivuje. Sensa ya waya mmoja hupata njia yake ya umeme kupitia nyuzi hizo hizo, na ukiivisha blanketi inaweza kusema uongo kwamba injini ni baridi.

Jambo jingine linalowachanganya watu ni kwamba magari mengi yaliyotengenezwa miaka ya 1990 yana sensa mbili, moja ya mshale na nyingine, yenye waya mbili, ya kompyuta ya injini. Ya pili ikiharibika mshale unaweza kukaa vizuri kabisa, lakini kompyuta ikiamini kwamba injini ni baridi humwaga petroli nyingi kupita kiasi. Moshi unakuwa mweusi, plagi zinajaa masizi, na mwenye gari anaambiwa anunue pampu ya petroli. Katika magari mengi ya Toyota ya miaka hiyo unaweza kuiuliza kompyuta yenyewe. Unaunganisha matundu mawili yaliyoandikwa TE1 na E1 kwa kipande cha waya, unafungua swichi bila kuwasha, na taa ya injini inapepesa. Ikipepesa mara mbili, ikapumzika, kisha mara mbili tena, hiyo ni namba 22, maana yake sensa ya joto la maji au waya zake. Halafu itoe sensa hiyo, itie ncha yake katika sufuria ya maji juu ya jiko la mkaa, na uipime kwa mita ya umeme. Maji yakiwa nyuzi 20 mita isome kati ya omu 2,000 na 3,000. Yakifika nyuzi 80, isome kati ya 200 na 400. Sensa isiyoshuka hivyo itupwe.

Mpaka hapa nimezungumzia kipimo kinachopiga kelele bure. Kinachonitisha zaidi ni kile kinachonyamaza. Sensa hupima maji yanayoigusa. Mpira ukipasuka na maji yote yakakimbia, sensa hubaki katika hewa na mvuke, na mshale unaweza kukaa katikati au hata kushuka, huku injini inaungua. Mwaka 2021 pikapu moja ilitoka huku kwetu usiku ikimpeleka mama mjamzito hospitali. Dereva alikuwa mtu makini na mshale alikuwa akiutazama. Ulikuwa katikati, kisha ukaanza kushuka, naye akafurahi. Muda mfupi baadaye injini ikanoki. Mama yule alimaliziwa safari juu ya pikipiki, gizani, akiwa ameshikiliwa na wifi yake kwa nyuma. Tunashukuru kwamba alifika. Dereva lazima ajue kuwa mshale unaoshuka ghafla mahali ambapo gari linapanda mlima ni sababu ya kusimama. Njia nyingine ni kufungua hita. Ikitoa upepo wa baridi wakati injini imetembea saa nzima, huenda maji hayapo.

Sasa nije kwenye desturi ninayoipinga kwa nguvu zote, nayo ni ya kutoa themostati. Ukifika gereji nyingi utaambiwa, "Mzee, hii ni ya nchi za baridi, huku Afrika haina kazi." Maneno haya si kweli. Themostati hukaa imefunga mpaka maji yafike kiasi cha nyuzi 82, ndipo inafungua njia ya kwenda kwenye rejeta. Kazi yake ni kuiwahisha injini kupata joto lake na kuiweka hapo. Ukiitoa, injini hutembea baridi, inakula petroli na inalika mapema. Tena ziko injini ambazo themostati hiyo hiyo huziba kwa upande wake wa pili njia ya mkato ya maji. Ukiiondoa, sehemu ya maji ya moto huzunguka ndani bila kupita kwenye rejeta kabisa, na gari linachemsha zaidi kuliko mwanzo! Fundi akiona hivyo huunga feni moja kwa moja kwenye betri izunguke mchana kutwa. Hapo ugonjwa umefichwa, na atakayeufichua ni abiria, porini.

Mfuniko wa rejeta nao hudharauliwa. Mpanda iko zaidi ya mita 1,000 juu ya usawa wa bahari, na maji ya sufuria hapa huchemka kabla ya kufika nyuzi 100. Ndani ya injini hayachemki mapema kwa sababu mfuniko huyabana. Springi yake ikilegea, maji yanachemka na kumwagika, na tunaanza tena kuisingizia gasketi. Mfuniko ni bei ya kitoweo cha siku moja. (Na usifunguliwe injini ikiwa ya moto, kwa sababu mvuke wake huunguza uso.) Kuhusu mbegu za majani zinazoziba rejeta kwa mbele katika barabara zetu za vumbi, kila mwenye gari hapa anazijua, ila wachache huzisafisha.

Zamani tulikuwa tukitembea polepole, na gari likichemsha ulisimama kwenye kijiji. Sasa tuna lami ya kwenda Tabora kupitia Inyonga na Koga, zaidi ya kilometa 300, na sehemu kubwa ni msitu. Watu wanakwenda mwendo mkali na magari yale yale ya zamani, yasiyo na themostati na yenye vipimo visivyoaminika.

Kwa hiyo nawaomba VETA, ambao wanao utaratibu wa kuwatambua na kuwapa vyeti mafundi waliojifunza kazi mitaani, wawafuate mafundi wetu wa vijijini hata kwa siku tatu tu, na somo lenyewe liwe mita ya umeme. Si lazima wajenge darasa. Chini ya mwembe panatosha, pakiwa na gari moja bovu. Wenye maduka ya spea nao waache kuuza sensa kwa kufananisha umbo tu, maana mbili zinaweza kufanana nyuzi na kutofautiana kabisa katika kupima. Na sisi wenye magari tukatae kulipia hedi kufunguliwa mpaka fundi ametuonyesha kwa macho kwamba maji yanapungua au mapovu yanatoka kwenye rejeta.

Kwa walio jirani na Kabungu, mita ninayo na sufuria ninayo. Gari liletwe alfajiri, kabla halijawashwa.

Wako katika ujenzi wa Taifa,
Dereva Mzee,
Kabungu, Mpanda.