Samaki wa Mwamba Sebuleni

Mama mmoja ametuuliza: je, yajuzu kumweka samaki wa baharini katika tangi la kioo nyumbani? Mwanawe amemtamani yule mdogo mwenye mstari mweusi ubavuni, asafishaye wenzake mwambani.

Asili ya jambo ni kujuzu. Abu Umayr, nduguye Anas bin Malik, alikuwa na kindege cha kuchezea, na Mtume, rehema na amani zimshukie, hakumkataza, kilipokufa alimliwaza. Lakini yupo pia yule mwanamke aliyeadhibiwa kwa paka aliyemfungia, asimlishe wala asimwachilie ajitafutie.

Hapa ndipo penye uzito. Chakula cha samaki huyu ni vidudu vilivyowaganda samaki wengine. Mchana kutwa hupokea wateja pale pake. Hata chewa humfungulia kinywa, akaingia na kutoka salama. Katika tangi lenye samaki watatu wanne, vidudu hivyo huisha upesi. Wengi wa aina hii hukataa chakula cha dukani, wakakonda mbele ya watoto wanaodhani kuwa wanacheza. Maji safi na mfuniko wa kumzuia asiruke havimshibishi.

Jawabu letu, mama: huyu mwacheni. Kijana achukue miwani ya kuzamia, afuatane na mjomba wake hadi mwambani maji yakupwapo, amtazame kazini. Na kama amekwisha kununuliwa, basi kumkatia kamba vipande vidogo, mara kadhaa kwa siku, ni wajibu wa nyumba nzima, si wa kijana peke yake.