Kipupwe cha Makete hakina wa kukisifia

Julai ikifika na Dar ikapoa kidogo tu, watu hapa chuoni wanavaa masweta utadhani wamehamia Ulaya. Mimi nacheka. Mimi ni mtoto wa Makete, na baridi ninayoijua ni ile ya kuamka ukakuta maji ya ndoo yameshika ganda la barafu.

Ukitaja kwetu, mtu atakuuliza habari za Kitulo, "Bustani ya Mungu", na maua yake ya msimu wa mvua. Sawa, maua yana haki yake. Lakini kipupwe hakuna anayekisifia. Hata sisi wenyeji tunakiona adha tu.

Likizo iliyopita bibi alinituma bondeni alfajiri, nikaangalie viazi kwenye vinyungu. Nilishuka nikinung'unika, mikono kwapani. Jua lilipochungulia juu ya kilima nikaona bonde zima ni jeupe. Theluji hatuna, ile ni sakitu, umande ulioganda. Kila jani la nyasi lilikuwa kama limepakwa chumvi pembeni, utando wa buibui umening'inia kwenye ua kama shanga, na mvuke unapanda taratibu kutoka kijitoni. Aisee, nilisimama. Njia ile nimeipita maisha yangu yote.

Kisha nikaviona viazi. Usiku usio na mawingu ardhi hupoteza joto haraka, na hewa ya baridi, kwa kuwa ni nzito, huteremkia bondeni. Na bondeni ndiko kwenye unyevu, ndiko tunakolima kiangazi. Kilichoipamba nyasi ndicho kilichounguza viazi. Ilipofika saa 3 majani yalikuwa meusi, yamesinyaa kama yamemwagiwa maji ya moto. Na viazi hivyo ndivyo vinavyonivusha mwezi bumu likichelewa.

Nilimweleza bibi hasara. Habari ya uzuri sikuigusa, niliona ni kukosa adabu. Akanisikiliza, halafu akauliza: "Na bonde lenyewe, mjukuu wangu, uliliona lilivyong'aa?" Kumbe miaka yote huwa anatoka kuliangalia!

Ndiyo maana siwaelewi wenzangu wanaodai kwamba kutazama mandhari ni kazi ya watalii na walioshiba. Bibi yangu hajashiba, na hakuna asubuhi inayompita.

Siku ile tulichimba viazi kabla ya wakati wake. Vingi vilikuwa vidogo kama mayai ya kwale.